Umeme unapotea njiani, bili analipa mlalahoi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana mafundi na wachuuzi mjini Moshi. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu wote. – MHARIRI)



Tuzungumze habari ya umeme. Najua ukisikia neno umeme unawaza kukatika. Hiyo tumeizoea toka utotoni, tunaijua kama tunavyoijua njia ya kwenda sokoni. Leo nataka tuzungumze habari ya umeme ambao haujakatika. Umefuliwa vizuri kabisa kule bwawani, ukapandishwa kwenye nyaya, ukaanza safari ya kuja kwako, na hukuuona. Umeishia njiani. Umegeuka joto, ukawapasha ndege miguu. Na gharama yake umeilipa wewe, fundi wa kuchomelea, kinyozi, muuza juisi, mwenye mashine moja ya kusaga.

Wakubwa hawapendi kuuzungumzia umeme huu kwa sababu hauna picha. Huwezi kukata utepe mbele ya umeme uliopotea. Lakini wewe ndiye mwenye mfuko, na mwenye mfuko lazima ajue tundu liko wapi.

HESABU YA UNITI MIA

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Katika miaka ya karibuni upotevu wa umeme nchini Tanzania umekuwa ukizungukia asilimia 15. Maana yake ni hii: zikifuliwa uniti 100, kiasi cha uniti 15 hazifiki kwenye mita ya mtu yeyote. Majirani zetu wa Kenya wana hali mbaya zaidi. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 wao walikuwa kwenye kiasi cha asilimia 23, karibu robo nzima.

Sasa jiulize, nani analipa hizo 15? Anayeuza uniti 85 amegharamia kufua uniti 100. Chukua 100 ugawe kwa 85. Utapata 1.18 hivi. Kwa hiyo kila uniti moja unayonunua kwa LUKU imebeba mgongoni gharama ya karibu uniti moja na moja ya tano. Wala hili si jambo la siri. Bei ya umeme hupangwa kwa kujumlisha gharama za huduma nzima, na mdhibiti hukubali kiasi fulani cha upotevu kiingizwe humo. Hakuna bepari mwenye huruma aliyekaa pembeni akalipia joto la nyaya kwa niaba yako.

Upotevu huo una sura mbili, na ni muhimu usizichanganye. Sura ya kwanza ni wizi na mita mbovu. Vishoka wanamuunganishia mtu umeme usiku, mwenye kiwanda anaipitisha laini pembeni ya mita, mita nyingine imezeeka inahesabu nusu nusu. Huo ni upotevu wa watu. Dawa yake ni ukaguzi na sheria, na sheria hiyo imguse mwenye kiwanda kama inavyomgusa mama ntilie. Umeme wa jua hautibu wizi. Mtu akikwambia paneli zitamaliza vishoka, huyo anakufanya bwege.

Sura ya pili ni upotevu wa nyaya, transfoma na vituo vya kupoza umeme. Huo hauna mwizi wa kukamatwa. Una sababu za kimaumbile, na ndio ninaotaka uuelewe leo, kwa sababu ukishauelewa hutadanganywa tena kirahisi.

SHERIA YA JOULE

Mwaka 1841 Mwingereza mmoja aitwaye James Joule alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukipita kwenye waya hutoa joto, na joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo. Maneno hayo yanasikika makubwa, lakini wewe uliyesukuma mkokoteni utaelewa. Mzigo ukizidi mara mbili, unachoka mara mbili. Waya hauko hivyo. Mkondo ukizidi mara mbili, waya hupoteza mara nne. Ukizidi mara tatu, hupoteza mara tisa.

Geuza sasa upande wa pili, maana hapo ndipo penye neema. Ukipunguza mkondo nusu, upotevu haushuki nusu. Unashuka mpaka robo. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

Chukua mfano wa mtaani kwako. Transfoma iko mbali, waya mwembamba umepitishwa nguzo kwa nguzo hadi kwenye karakana. Tuseme ukinzani wa waya huo, kwenda na kurudi, ni omu 0.5. Karakana inavuta ampea 40. Zidisha 40 kwa 40 kwa 0.5, utapata wati 800 zinazoungua kwenye waya saa zote unazofanya kazi. Na volti? Ampea 40 mara 0.5 ni volti 20. Kama zilianza 230, kwako zinafika 210. Akiongezeka jirani naye na mashine yake, zinashuka tena. Ndiyo maana saa moja usiku friji linanguruma bila kupoza na mashine ya kuchomelea inalamba chuma badala ya kukiyeyusha. Unasema "umeme mdogo leo". Umeme umebaki njiani, ndugu yangu.

Sasa weka paneli za jua juu ya bati la karakana hiyo hiyo, pamoja na inveta yake. Mchana paneli zinatoa ampea 20. Kwenye waya wa kutoka kwenye transfoma zinapita 20 zilizobaki. Hesabu tena: 20 mara 20 mara 0.5 ni wati 200. Kutoka 800 hadi 200! Nusu ya mzigo imeondoka, na robo tatu ya upotevu imeondoka. Volti nazo zimepanda kutoka 210 hadi 220. Jirani yako ambaye hana hata paneli moja amenufaika, kwa sababu mnatumia waya mmoja.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wakifikiri sola ni kitu cha porini kusikofika nguzo. Mtaani penye nguzo ndipo inapoweza kuutibu waya unaougua.

KASKAZINI NA BWAWA LILILO MBALI

Tuje kwenye jambo lililozua maneno mengi vijiweni. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza ilianza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2024, na mwaka 2025 zikakamilika zote. Uwezo wa mitambo yote ya nchi ukapita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yanazungukia nusu ya hapo. Kwa hesabu za kijiweni, tulitakiwa tuwe tunaoga umeme.

Halafu Machi 2025, akiwa huku huku Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan akaeleza kwamba serikali itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu aliyoitoa ni kwamba umeme unasafiri mbali mno kutoka kusini na mashariki kuja huku, na kwamba upotevu huo unagharimu Shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Watu walicheka, wengine wakanuna. Walisema, tumejenga bwawa la kwanza kwa ukubwa Afrika Mashariki, halafu tunakwenda kwa jirani na ndoo? Mimi nakuomba usicheke haraka wala usinune haraka. Yachambue maneno yale kama fundi anavyoifungua injini.

Hoja ya kwanza ni ya kweli. Kutoka bwawani hadi Chalinze kuna laini kubwa ya msongo wa kilovoti 400, urefu wa kilomita 160 hivi. Hiyo ni barabara pana. Lakini kutoka Chalinze kuja huku kupitia Hale, Same hadi Moshi na Arusha, njia ya miaka yote ni laini ya kilovoti 132. Kumbuka sheria ya Joule. Umeme ule ule ukisafirishwa kwa msongo wa 400 badala ya 132, mkondo unakuwa theluthi moja. Na mkondo ukiwa theluthi, upotevu kwa waya wa aina ile ile unakuwa sehemu moja ya tisa. Yaani tulijenga kisima kikubwa chenye bomba nene mlangoni, halafu mbele tukaunganisha na mpira wa kumwagilia bustani.

Lakini hapo hapo panazaliwa swali ambalo halikujibiwa vizuri. Kama tatizo ni umbali, je, Ethiopia ni karibu? Laini ya kutoka Wolayta Sodo kule Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ina urefu wa kilomita 1,045, na hapo bado hujafika Namanga! Siri yake ni kwamba laini hiyo ni ya kilovoti 500, na umeme wake unakwenda upande mmoja tu kama wa betri. Usafirishaji wa namna hiyo hupoteza kidogo katika safari ndefu. Kisha kuanzia Isinya hadi Singida kupitia Arusha kuna laini ya kilovoti 400, ambayo ilianza kupitisha umeme Desemba 2024.

Unaona basi? Umbali peke yake hauna hatia. Umbali ukikutana na laini nyembamba ya msongo mdogo, ndipo fedha inapoungua. Kwa hiyo swali la kijana wa Kaskazini lisiwe "kwa nini tununue Ethiopia?" peke yake. Nchi kubwa zote huuziana umeme, na siku bwawa likipungua maji utamshukuru jirani. Swali liwe: kwa nini hizo bilioni 32 ziliachwa ziungue mwaka hadi mwaka, na kuna nini hapa hapa nyumbani ambacho kingefupisha safari hiyo?

JIKO LIWE KARIBU NA MEZA

Kuna njia tatu za kupunguza upotevu wa kiufundi. Ya kwanza ni kupandisha msongo wa laini kubwa. Hiyo ni kazi ya serikali na mikopo, inachukua miaka. Ya pili ni kutengeneza mtaa: transfoma zisogezwe karibu na watu, waya uwe mnene, nguzo zilizoinama zinyooshwe, kapasita zifungwe penye mota nyingi. Ya tatu ni kufulia umeme karibu na unapotumika, ili nyaya zibebe mzigo mdogo. Anayepikia jikoni kwake hafikishi chakula cha baridi mezani.

Na huko karibu kuna nini cha kufulia? Kuna jua, maji na upepo. Hivi ndivyo umeme jadidifu unavyoingia katika hadithi yetu. Hauingii kwa sababu Wazungu wamesema ni mtindo mzuri. Unaingia kwa sababu jua halina haja ya kusafirishwa. Limeshafika juu ya bati lako.

Tazama bonde la Mto Pangani. Hale, kituo cha mwaka 1964, kilisanifiwa kwa megawati 21. Nyumba ya Mungu ni megawati 8. Pangani mpya ya mwaka 1995 ni megawati 68. Jumla megawati 97, kando ya laini ile ile inayokuja huku. Kila megawati inayotoka hapo ni megawati ambayo haikuburuzwa kutoka Rufiji. Mtambo wa Hale ukikaa kwa matengenezo, hasara yake si zile megawati peke yake. Ni pamoja na upotevu unaoongezeka kwa kuleta mbadala wake kutoka mbali.

Au tazama Kikuletwa, hapo Hai, pua na mdomo na mahali tulipokaa. Kituo kidogo cha maji kilijengwa hapo tangu miaka ya 1930, kikaja kuachwa miaka ya 1980. Sasa eneo liko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha kwa ajili ya mafunzo ya nishati. Kituo cha namna ile kilikuwa kidogo, ni kweli, kiasi cha megawati moja na kitu. Lakini megawati moja mlangoni mwa Moshi si sawa na megawati moja Rufiji. Wakoloni walijua kutumia mto uliopo. Sisi tuliuacha ukapita ukituimbia.

Mtu atasema vituo vidogo ni mchezo wa watoto. Nenda Mufindi. Kituo cha Mwenga cha megawati 4 kinafua umeme wa maji tangu mwaka 2012, kinauzia gridi, na vijiji vya jirani vinawaka. Mwaka 2020 wakaongeza mitambo mitatu ya upepo, megawati 2.4, wa kwanza wa namna hiyo kuingia kwenye mtandao Tanzania. Maji yakipungua kiangazi, upepo unasaidia. Huo ni mtandao unaojitegemea kwa sehemu, na mzigo wa laini ndefu umepungua.

Kule Kishapu, Shinyanga, mkataba wa kituo cha jua ulisainiwa mwaka 2023, awamu ya kwanza megawati 50 kati ya 150. Kwa nini Shinyanga? Kwa sababu ile laini ya kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ni kilomita 670. Unapoweka jua mwisho wa laini ndefu, unaitoa laini hiyo jasho. Hiyo ndiyo akili ninayotaka itumike na huku.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Lakini mimi sikuja kukupigia debe la paneli. Mwuza sola naye ni mfanyabiashara, na wengine ni matapeli wa kutupwa. Kuna mambo matatu lazima uyajue.

La kwanza, kuzidisha kunaharibu. Rudi kwenye karakana yetu ya ampea 40. Ukiweka paneli za kutoa ampea 40, waya hauna kazi mchana, upotevu sifuri. Safi sana. Ukiweka za ampea 80, basi 40 zilizozidi zinarudi nyuma kwenye waya kwenda kwenye transfoma, na upotevu unakuwa wati 800 kama zamani! Ukiweka za 100, zinarudi 60, na upotevu unafika wati 1,800. Umeongeza umeme na umeongeza hasara, na volti zinaweza kupanda mpaka kuunguza vifaa vya jirani. Kwa hiyo kipimo cha sola mtaani kilingane na matumizi ya mtaa huo. Anayesema "weka nyingi kadiri ya bati lako" hajui hesabu, au anajua na anakuibia.

La pili, jua linazama. Mahitaji ya nchi hii hupanda jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, taa zinawaka, televisheni zinawaka. Saa hizo paneli zimelala. Dawa ni betri, ambazo bei yake imekuwa ikishuka, au ni kulitumia jua pamoja na maji. Mchana jua lifanye kazi, maji yabaki bwawani. Usiku maji yafunguliwe. Nchi yenye mabwawa kama Mtera na Nyumba ya Mungu ina betri kubwa tayari, isipokuwa betri hiyo ni ya maji. Kinachotakiwa ni mipango ya mtu anayewaza mchana na usiku kwa pamoja.

La tatu, mtambo bila waya ni sanamu. Wakenya walijenga mitambo 365 ya upepo Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, jumla megawati 310. Mitambo ikasimama mwaka 2017. Laini ya kuupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekwisha. Ikakamilika Septemba 2018. Katika muda huo upepo ulivuma bure, na walipa bili wa Kenya wakabebeshwa mabilioni ya fidia kwa umeme ambao hawakuuona. Ndugu yangu, umeme jadidifu uliowekwa mbali na watu bila waya ni hasara kama mwingine wowote. Jua na upepo havisamehewi sheria ya Joule.

KWA NINI TUNDU HALIZIBWI?

Sasa utauliza, kama hesabu ni nyepesi hivi, kwa nini haikufanyika zamani? Tazama historia, ujionee mwenyewe.

Ukame ulipoleta mgawo wa umeme miaka ya mwanzo ya 1990, jibu lilikuwa mitambo ya dharura. Mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa IPTL wa megawati 100 za mafuta, na mtambo ukaja kuanza kazi mwaka 2002 wakati dharura ya awali imeshakuwa hadithi. Ukame wa mwaka 2006 ukatuletea Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya Kamati ya Bunge. Mwaka 2014 jina la IPTL likarudi bungeni kwa jina la Escrow, mawaziri wakaondoka. Ni miaka ishirini ya sinema, na kila sinema ilihusu mtambo.

Hebu nitajie kashfa moja ya waya mnene. Nitajie waziri aliyejiuzulu kwa sababu ya kapasita. Hayupo! Mtambo ni mkubwa, una mkataba mnene, una wageni wa heshima. Kupunguza upotevu kwa asilimia moja ni kazi ya mafundi elfu wenye ngazi na koleo, transfoma kwa transfoma, mtaa kwa mtaa. Haina karamu.

Na bado asilimia hiyo moja ina thamani. Ukiokoa megawati 20 zilizokuwa zikiungua kwenye nyaya, umepata megawati 20 bila kuchimba bwawa, bila kununua mafuta, bila kuhamisha kijiji. Hakuna mtambo wa bei nafuu kuliko huo. Tena haukauki kiangazi.

WEWE UFANYE NINI?

Kijana, usiniambie haya ni ya wakubwa. Haya ni yako, kwa sababu unalipia kabla ya kutumia.

Kwanza, uliza takwimu za kwako. Asilimia 15 ni ya nchi nzima, na wastani ni blanketi, linafunika mguu mzima na mguu wenye kidonda. Mbunge wako na diwani wako waulize bila woga: mkoa huu umeingiza uniti ngapi, umeuza ngapi? Laini ya mtaa wetu inapoteza kiasi gani? Takwimu hizo zipo, kwa sababu kituo cha kupoza umeme kina mita, na LUKU yako ni mita. Kinachotakiwa ni kutoa moja kwa nyingine na kubandika jibu ukutani. Mwenye kuficha hesabu ya duka ana sababu yake.

Pili, idai haki ya kuingiza umeme wako kwenye waya. Tanzania ilitoa kanuni za mwaka 2018 za kumruhusu mteja mwenye sola kupeleka ziada yake kwenye mtandao ikahesabiwa upande wake. Kenya waliliweka jambo hilo kwenye sheria yao ya nishati ya mwaka 2019 na kanuni zikafuata mwaka 2024. Kanuni kwenye karatasi hazizungushi mita. Ulizia masharti, ulizia gharama, ulizia muda wa kujibiwa. Ukizungushwa, zungukeni kwa pamoja. Mafundi kumi wenye karakana mtaa mmoja wana sauti kuliko fundi mmoja mwenye hasira.

Tatu, jifunze kazi hii. Nchi itahitaji watu wa kupima mizigo ya transfoma, wa kufunga inveta kwa viwango, wa kutambua waya unaochemka kabla haujaunguza nyumba. Kazi hiyo isiachiwe wageni wanaokuja na mashine na kuondoka na ujuzi. VETA ipo, vyuo vya ufundi vipo. Aliyekuwa anasubiri ajira ya ofisini anaweza kusubiri mpaka ndevu ziote mvi.

Nne, anza na waya wa kwako. Ule upotevu baada ya mita unaulipa wewe peke yako, hata serikali ikibadilika kesho. Waya mwembamba uliovutwa mita 60 kwenda kwenye mashine ya kuchomelea unakula uniti zako. Kiungio kilicholegea kikifungwa plasta kinachemka kimya kimya. Gusa plagi yako baada ya kazi. Ikiwa ya moto, hiyo ni fedha yako inaungua, na siku moja itakuwa nyumba yako. Weka waya mnene, kaza viungio, badili taa za zamani. Na kama kazi yako ni ya mchana, kinyozi, fundi cherehani, mchapishaji, basi hesabu kwa makini kama paneli chache za kulingana na matumizi yako hazitarudisha fedha yake.

Ndugu zangu, tumezoeshwa kuupima uwezo wa nchi kwa ukubwa wa bwawa. Kuanzia leo nakuomba uupime kwa kitu kidogo zaidi: ni uniti ngapi kati ya mia zinamfikia mtu mwenye mashine ya kusaga kwenye nguzo ya mwisho. Hapo ndipo penye ushahidi. Akija mgombea wa chama chochote, awe wa kijani, wa bluu au wa rangi ya upinde wa mvua, akakuahidi megawati, mwulize swali moja tu: "Zitafika ngapi?" Kisha mkae kimya, mmsikilize atakavyojibu.